Imeshika

Habu mbili za otomatiki zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga
miaka kumi na moja, juu ya kabati la vyombo, Bonyokwa,
zimevikwa soksi kuukuu za Baba.
Mgeni akiuliza, "Mle mna nini?"
Mama hujibu, "Ugomvi."

Maana zilitolewa kwa ugomvi. Masika yale
gari lilikwama kwenye mlima wa udongo mwekundu,
magurudumu ya nyuma yanachimba, ya mbele yanatazama tu,
na Baba, mpima ardhi, mtu wa kamba iliyonyooka,
akasema: kisichojua kushika hakikai kwangu.
Akafunga za mkono.
Tangu hapo kila tope lilikuwa breki, mlango, magoti:
anainamia gurudumu la kulia, anazungusha,
anapita mbele ya taa,
anainamia la kushoto, anazungusha,
anarudi kitini na matope hadi kwenye kola
na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Sasa mkono wa kulia anauita, hauitiki.
Tangu Februari umelala pajani
kama mgeni asiyesema anaondoka lini.
Mimi ndiye dereva.
Juzi tulipokwama, kabla sijafungua mkanda,
alikuwa keshashuka,
anagombana na kile kitasa kwa mkono wa kushoto,
mvua inamwingia shingoni.
Sikumsaidia. Sikuthubutu.
Nilitazama waipa.

Jumamosi nikashusha kopo, sikuomba ruhusa.

Gerezani, fundi Mwinjuma alizivua soksi, akanusa.
"Nani alizipaka hii?"
Grisi ya beringi, imekauka kama sabuni ya mche,
imejaa hadi kooni.
"Dada, hizi hazikuwa mbovu.
Zilivimbiwa."

Zengo, kijana wake, akazilaza kwenye petroli
ndani ya dumu lililokatwa kati,
akazisugua kwa mswaki, polepole,
mpaka springi zikaonekana, nyembamba, safi,
zinarudi zikibonyezwa.
Jeki. Bolti sita. Sekilipu ikaruka kama panzi,
tukaitafuta wote watatu, tumeinama,
ikapatikana ndani ya kandambili ya mama chapati.
Mwinjuma akapaka grisi mpya, laini, kwa ncha ya kidole,
kama mtu anayempaka mtoto mchanga mafuta.
Kisha akasimama.
"Washa moja haipo. Ile yenye meno. Bila hiyo, tunacheza."

Maduka manne. "Gari la mwaka gani?" Sijui.
"Orijino au ya kawaida?" Sijui.
Nikampigia Baba. Sikusema niko wapi, niliuliza tu kipenyo.
Akanyamaza muda mrefu,
nikasikia redio ya jirani ikisoma vifo.
"Usinunue," akasema. "Ipo kwenye droo ya dira."

Alikuja na bajaji, shati la kupigia picha,
washa ndani ya bahasha, tarehe imeandikwa juu kwa wino:
siku ile ile ya tope.
Miaka kumi na moja. Nami sikuuliza.
Akakaa juu ya tairi bovu, akamwamuru Mwinjuma
bolti ipi ianze, ipi ifuate, mkabala kwa mkabala.

Uani, kwenye mchanga, nikavuta gia ndogo, nikasogea mbele.
Mbele kidogo tena.
Tak. Upande wa kulia. Kisha wa kushoto, tak,
sauti ndogo kama ulimi uliokubali jambo.
"Imeshika," Baba akasema, akiitazama hewa.
"Sasa iachie. Rudi nyuma, moja kwa moja, usikate kona.
Mita mbili."
Nikarudi, shingo nje ya dirisha.
Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu, unanivuta, unanivuta, ukasimama.
"Hiyo ni mbili na nusu."

Zile za mkono alizivika soksi mwenyewe,
kwa meno na vidole vitano, hakutaka msaada.
Jioni Mama alilipangusa kopo,
akalitikisa karibu na sikio,
akalirudisha juu ya kabati.